Japani kwa Jozi: Miji Sita ya Kulinganisha

Wageni wengi wanaokwenda Japani hushika njia moja: Tokyo, Kyoto, Osaka, kisha uwanja wa ndege. Siilaumu njia hiyo. Treni ya mwendokasi, shinkansen, ilianza kazi Oktoba 1964 kati ya Tokyo na Osaka, na leo inaimaliza safari ya zaidi ya kilomita 500 kwa takriban saa mbili na nusu. Ila kila nikilipitia daftari langu la safari naliona jambo lilelile: kurasa zenye uhai ni zile ambazo niliuandika mji mmoja huku nikiufikiria mwingine. Kwa hiyo namshauri msafiri aichague miji ya Japani miwili miwili.

Tokyo na Osaka

Hadi mwaka 1868 Tokyo iliitwa Edo. Tokugawa Ieyasu alipopata cheo cha shogun, yaani mtawala wa kijeshi, mwaka 1603 aliufanya mji huo makao ya serikali yake. Warithi wake wakawalazimisha mabwana wa majimbo kuishi Edo kwa zamu, mwaka huu huku na mwaka ujao makwao, na kuwaacha wake na watoto wao mjini kama rehani ya utii. Mji ukakua kuizunguka ngome. Leo mahali pa ngome ile ni Kasri la Kifalme, na ndani ya jiji lililosongamana vile unakutana ghafla na handaki la maji, kuta za mawe na miti mikubwa.

Majengo ya kale ni haba. Tetemeko la Septemba 1923 lilifuatwa na moto ulioteketeza sehemu kubwa ya mji, na mabomu ya Machi 1945 yakauteketeza tena. Hekalu la Senso-ji kule Asakusa ndilo kongwe kuliko yote Tokyo, lakini jengo lake kuu ni la zege, lililokamilika mwaka 1958. Hilo lisikuvunje moyo. Watu wanaofukiza ubani pale hawakuja kwa ajili ya mbao, na ibada yao haikukatika.

Kama una asubuhi moja tu Tokyo, ipeleke Meiji Jingu. Hekalu hilo la Kishinto lilifunguliwa mwaka 1920, na msitu unaolizunguka ulipandwa na watu: miti ipatayo 100,000 iliyotolewa na wananchi kutoka kila pembe ya nchi. Wataalamu wa misitu waliipanga ili baada ya miaka mingi msitu ujiotee wenyewe bila kupandwa tena. Ukitoka hapo panda treni hadi Shinjuku, stesheni inayopitisha mamilioni ya abiria kwa siku, uone jinsi umati ule unavyotembea bila kugongana na bila kupigiana kelele.

Osaka ni mji wa wafanyabiashara, na tofauti unaiona tangu kwenye ngazi za umeme: Tokyo watu husimama kushoto, Osaka husimama kulia. Enzi za Tokugawa mpunga uliotozwa kama kodi majimboni uliletwa huku kwa mashua na kuwekwa maghalani. Mwaka 1730 serikali ililitambua rasmi soko la mchele la Dojima, ambako watu waliuziana kwa karatasi mchele ambao hawajaukabidhi. Wanahistoria wa uchumi wanalitaja kuwa miongoni mwa masoko ya kwanza duniani ya biashara ya namna hiyo. Mji uliotajirika kwa chakula ukajifunza kukipenda: kando ya mfereji wa Dotonbori wanapika takoyaki, vinyunya vya unga vyenye kipande cha pweza ndani, katika chuma chenye vishimo kama chuma cha vitumbua, na mpishi anavigeuza kwa kijiti cha ncha kali kwa kasi ambayo mama yeyote wa vitumbua wa Pwani angeiheshimu.

Ngome ya Osaka nayo isome vizuri. Mnara unaoonekana ni wa mwaka 1931, wa zege, uliojengwa kwa michango ya wakazi. Lakini ukuta wa mawe chini yake uliwekwa na akina Tokugawa baada ya kuishinda familia ya Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyewatangulia, mwaka 1615 na kuifukia ngome yake ya awali. Kwa msomaji Mwislamu, jirani wa Osaka ni Kobe, wenye msikiti wa kwanza kujengwa Japani, uliofunguliwa mwaka 1935. Ulisalimika mabomu ya 1945 na tetemeko la 1995, na bado unasaliwa.

Kyoto na Kanazawa

Kyoto ilikuwa makao ya mfalme tangu mwaka 794 hadi 1868, na ilinusurika vita kwa karibu mno. Mwaka 1945 jina lake lilikuwa kwenye orodha ya miji iliyofikiriwa kupigwa bomu la atomiki. Henry Stimson, waziri wa vita wa Marekani, ndiye aliyeshikilia liondolewe. Ukilijua hilo, huwezi kutembea katika bustani zake bila shukrani.

Nenda hekalu la Fushimi Inari mapema, kabla jua halijapanda, maana hakufungwi na hakuna kiingilio. Maelfu ya malango mekundu yamepangwa mlimani, kila moja limetolewa na mfanyabiashara au kampuni. Ukipanda unaona rangi tu; ukishuka ndipo unasoma majina ya watoaji na tarehe, kwa kuwa yameandikwa upande wa nyuma. Pale hekalu la Ryoan-ji keti mbele ya changarawe na mawe 15 yaliyopangwa kwa namna ambayo popote utakapokaa ukumbini, walau moja litajificha. Na ukifika Kinkaku-ji, hekalu la dhahabu, kumbuka kuwa lilichomwa moto na mtawa kijana mwaka 1950 na kujengwa upya mwaka 1955.

Kyoto imeelemewa. Mwaka 2024 wakazi wa mtaa wa Gion walifunga baadhi ya vichochoro vyao binafsi kwa watalii, kwa kuchoka kuona wanawake wa sanaa ya geisha wakifukuzwa kwa kamera wakienda kazini. Nawaunga mkono. Mgeni aliyealikwa huuliza kabla ya kupiga picha, na asiyealikwa ana wajibu zaidi wa kuuliza.

Ndipo nasema: ukiipenda Kyoto, panda treni uende Kanazawa. Mji huu nao haukupigwa mabomu. Ulitawaliwa na ukoo wa Maeda, ambao jimbo lao lilihesabiwa kutoa zaidi ya koku milioni moja za mchele. Koku moja ilikadiriwa kumlisha mtu mmoja mwaka mzima. Hakuna bwana wa jimbo aliyewazidi isipokuwa shogun mwenyewe. Mali nyingi namna hiyo ingeweza kuonekana ni maandalizi ya vita, nao wakaimimina kwenye ufundi: hariri, vyombo vya udongo, na dhahabu inayofuliwa hadi kuwa nyembamba kuliko karatasi yoyote. Hata leo karibu dhahabu yote ya namna hiyo nchini Japani hutoka Kanazawa.

Katika bustani ya Kenroku-en, kuanzia tarehe 1 Novemba, watunza bustani hupanda misonobari na kufunga kamba kutoka kilele hadi kila tawi, ili theluji nzito isiyavunje. Nilikaa muda mrefu nikiwatazama. Pale nilielewa tofauti ya miji hii miwili. Kyoto inakuonyesha vitu vilivyohifadhiwa, na Kanazawa inakuonyesha mikono inayohifadhi. Mji huo hauogopi upya pia: jumba lake la sanaa ya karne ya 21, la vioo na umbo la duara, lilifunguliwa mwaka 2004 karibu kabisa na bustani hiyo. Tangu Machi 2015 shinkansen hufika Kanazawa kutoka Tokyo kwa takriban saa mbili na nusu.

Hiroshima na Nagasaki

Jozi hii ndiyo niliyoiandikia kurasa nyingi kuliko zote. Hiroshima ililipuliwa Agosti 6, 1945, saa mbili na robo asubuhi. Mji uko kwenye tambarare ya mto unaogawanyika kabla ya kuingia baharini, hakukuwa na cha kuukinga, na kufikia mwisho wa mwaka huo watu wapatao 140,000 walikuwa wamekufa. Jengo la maonyesho lililobuniwa na Mcheki Jan Letzel limeachwa gofu lenye kuba la vyuma vitupu, na tangu 1996 ni urithi wa dunia. Makumbusho ya mji huo yanaonyesha nguo za watoto na masanduku yao ya chakula. Nenda bila haraka, na usipange jambo jingine mchana huo. Lakini panda tramu pia: siku tatu baada ya bomu, sehemu ya njia yake ilikuwa inafanya kazi tena.

Nagasaki ilipigwa Agosti 9, saa tano na dakika mbili. Ndege ilikuwa imekusudia Kokura, lakini huko hakukuonekana chini. Bomu lilikuwa na nguvu kuliko la Hiroshima, ila lilianguka bonde la Urakami, na milima ikaikinga bandari ya zamani. Watu wapatao 74,000 walikufa. Kwa sababu ya milima hiyo, Nagasaki bado ina mji wake wa kale, na mji huo unatuhusu sisi watu wa Pwani.

Bandari yake ilifunguliwa kwa Wareno mwaka 1571, nao walifika huko kwa njia ya bahari ile ile iliyopitia Msumbiji na Malindi. Mmisionari Francis Xavier aliyefika Japani mwaka 1549 alikuwa amepita Malindi mwaka 1542. Mwaka 1579 alishuka kisiwani Kyushu, uliko mji wa Nagasaki, Mwafrika aliyeitwa Yasuke, akifuatana na Wajesuti, na baadaye akamtumikia bwana wa vita Oda Nobunaga. Wareno walipofukuzwa, Waholanzi walibanwa kwenye kisiwa cha Dejima kilichotengenezwa na watu, na kwa zaidi ya miaka 200 hapo palikuwa ndipo mahali pekee Japani ambapo Wazungu waliruhusiwa kufanya biashara. Wakristo waliuawa, waliobaki wakaificha imani yao vizazi na vizazi, hadi mwaka 1865 baadhi yao walipojitambulisha kwa padri katika kanisa la Oura. Wazawa wao waliishi Urakami, chini ya bomu.

Njia, gharama na uchaguzi

Tiketi ya jumla ya reli kwa watalii ilipanda bei Oktoba 2023. Ya siku saba ilitoka yeni 29,650 hadi 50,000. Kwa jozi moja au mbili, piga hesabu ya tiketi moja moja kwanza. Mzigo mkubwa utume kwa huduma ya kusafirisha kutoka hoteli hadi hoteli, nawe ubaki na begi la mgongoni. Epuka mwisho wa Aprili na mwanzo wa Mei, Wajapani wenyewe wanapokuwa likizoni. Novemba ni mwezi mzuri kwa miji yote sita.

Na ukiwa na nafasi ya jozi moja tu, nenda Hiroshima na Nagasaki. Mwaka 2024 shirika la walionusurika mabomu, Nihon Hidankyo, lilipewa Tuzo ya Nobeli ya Amani. Baadhi ya manusura hao wanaendelea kuwasimulia wageni waliyoyaona, lakini wastani wa umri wao umezidi miaka 85. Mahekalu ya Kyoto utayakuta hata ukichelewa miaka kumi. Wazee hawa hutawakuta. Wawahi.