Kuganda na Kuwa Nzito

Kitenzi *kuganda* kimebeba mzigo mkubwa katika lugha yetu. Maziwa huganda yakawa mtindi, damu huganda juu ya jeraha, maji huganda yakawa barafu, na mtoto asiyetaka kuachwa nyumbani humganda mama yake hadi mlangoni. Wapo wanaouona wingi huo wa maana kuwa ni ufukara wa msamiati. Mimi huuona ni utajiri, kwa sababu shina hilo moja limeshika jambo la msingi lililomo katika yote: kilichokuwa kikitembea kimesita na kushikamana. Hata hivyo, utajiri huo una sharti lake, nalo ni kwamba neno pana lisipewe kazi ya neno jembamba. Sharti hilo nililiona likitimizwa, na karibu livunjwe, chini ya kenta ya shemeji yangu.

Nilizaliwa Tanga, nikaja Dongobesh, wilayani Mbulu, kwa kazi ya kufundisha, na ndoa ikanibakiza. Msomaji ambaye hajafika huku huenda akadhani kwamba Tanzania yote ni nchi ya joto. Nyanda za Mbulu ziko juu. Sehemu nyingi zina mwinuko wa mita 1,700 hadi 2,000 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Kusini yake, wilayani Hanang, unasimama mlima wa jina hilohilo wenye mita 3,400 na ushei, na mji wa Katesh uko miguuni pake. Hapa Wairaqw husema lugha ya Kikushi, na Wabarabaig husema lugha ya Kinailoti. Kiswahili ndicho daraja lao sokoni, shuleni na gereji.

Daraja hilo lilijengwa pwani, na mtu huligundua hilo kila ifikapo Juni. Pwani, *kipupwe* ni neno la raha: jua limepunguza ukali na mtu hulala vizuri. Huku, kipupwe ni ukungu unaokaa bondeni hadi saa tatu asubuhi, na alfajiri ambazo joto hushuka chini ya nyuzi 10. Kiswahili kina maneno ya baridi kali zaidi, lakini mengi yalikuja kwa jahazi: *barafu* kutoka Uajemi, *theluji* na *jalidi* kutoka Uarabuni. Mpwani aliyapokea kama mtu apokeavyo koti zito, akalitundika ukutani akingoja siku ya kulihitaji.

Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, ana kenta moja. Hubeba vitunguu saumu vya Mbulu, na msimu ukifika hubeba ngano na mahindi kutoka upande wa Basotu, Hanang, kwenda Babati na Arusha. Kila kipupwe kenta hiyo huwa na kiburi cha alfajiri. Ufunguo huzungushwa, injini hukoroma mara mbili tatu, kisha kimya. Utingo wake alikuwa na dawa aliyoirithi kwa matingo waliomtangulia: karai la makaa ya moto lililosukumwa chini ya injini kwa nusu saa. Mimi nililiogopa karai hilo. Injini ya kale huvuja, na makaa hayaulizi kilichodondoka ni nini. Usiku ambao makaa hayakupatikana, gari liliegeshwa mteremkoni, likasukumwa hadi likawaka. Mwenye lori moja akichelewa sokoni kwa saa mbili, bei ya mzigo wake imeshaamuliwa na wenzake.

Julai hiyo muuza vipuri mmoja mjini alimwambia, "Mafuta yako yanaganda. Funga hita ya mafuta." Bei aliyoitaja ilikaribia kumaliza fedha alizoziweka kwa ajili ya binti yake, aliyekuwa anaingia kidato cha tano: godoro, sare, vitabu, nauli. Shemeji akaja kwangu na karatasi ya maelezo ya kifaa hicho, yote kwa Kiingereza.

"Shemeji," aliniambia, "wewe ni mtu wa lugha. Nisomee hii, uniambie kama ninanunua dawa au ninanunua maneno."

Nilimsomea. Ndani ya dizeli mna chembechembe za asili ya nta. Dizeli ikiwa na joto, nta hiyo imeyeyuka na haionekani. Ikipoa kupita kiwango fulani, nta hujitenga, dizeli ikawa na ukungu. Ikizidi kupoa, vipande vya nta hukusanyika kwenye chujio na kuliziba, injini ikafa kwa njaa ilhali tangi limejaa. Hita ya mafuta ni ya namna mbili kuu. Moja hutumia umeme wa betri kupasha joto pale penye chujio. Nyingine hupitisha maji ya moto ya rejeta kandokando ya bomba la dizeli au ndani ya tangi. Hiyo ya pili haisaidii kuwasha gari lililolala, maana maji yenyewe huwa bado ni baridi. Kazi yake ni kulifanya gari lililokwisha kuwaka lisizimike njiani.

Nilimpa mfano wa kwetu. Mwezi Julai, chupa ya mafuta ya nazi pale Tanga huamka nyeupe, kwa kuwa mafuta hayo huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mama huiweka juani au karibu na jiko, yakarudi kuwa maji. Hiyo chupa ndiyo tangi, na jua ndilo hita.

Akafikiri kidogo, kisha akauliza swali ambalo nimelibeba mpaka leo: "Sasa aliposema mafuta yanaganda, alisema mafuta gani?"

Wapenzi wa lugha, litazameni swali hilo. Kwa Kiswahili tunakaanga kwa mafuta, tunajipaka mafuta, tunajaza mafuta kwenye gari. Mgeni huweza kulalamika kwamba tumechanganya jikoni na gereji. Lakini historia ya injini hii iko upande wetu. Rudolf Diesel, Mjerumani aliyezaliwa Paris mwaka 1858 na aliyeiachia dunia jina lake, aliishi kuona injini ya aina yake ikiendeshwa kwa mafuta ya karanga katika maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900. Anayeita dizeli *mafuta* hajakosea ukoo. Ila ukoo ni mkubwa, na mgonjwa ni mmoja. Ndani ya kenta mna dizeli tangini na mna oili kwenye injini, na baridi haizitendei sawa.

Tulifanya jaribio lisilo na gharama. Tulichota dizeli ya tangi lake katika chupa safi ya kioo, tukaifunga, tukaiacha usiku kucha juu ya bodi ya gari, pale pale baridi inapolala. Mafuta yanayouzwa katika nchi za joto hayatayarishwi kwa baridi kali kama yale ya Ulaya ya majira ya baridi, kwa hiyo kubahatisha kwa hoja tu kusingefaa; ilibidi kutazama. Alfajiri, kabla ya jua, shemeji aliinua chupa mbele ya tochi. Dizeli ilikuwa angavu. Hapakuwa na ukungu wala chenga chini. Akaigeuza chupa juu chini, ikatiririka kama jana yake mchana.

Kisha akachomoa kijiti cha kupimia oili. Tone lililokuwa kwenye ncha lilining'inia, likarefuka, likakataa kuanguka.

"Hii haijaganda," alisema. "Hii ni nzito."

Hapo ndipo maneno mawili yalipotengana, na fedha ya binti ikapona. Kilichoganda kimebadili hali yake. Dawa yake ni joto. Kilicho kizito kingali maji, ila kimechoka kutembea. Nacho huweza kubadilishwa na chepesi kuliko hicho. Muuza vipuri hakudanganya kwa makusudi, naamini. Alitumia neno pana mahali palipohitaji neno jembamba.

Fundi alipokuja alitueleza mengine, nami nayaandika kwa kuwa yamo ndani ya neno tulitumialo kila siku. Sisi *tunawasha* gari, kama tunavyowasha jiko. Injini ya petroli huwashwa kwa cheche. Ya dizeli haina cheche: hewa hubanwa hadi kubaki sehemu moja ya kumi na sita au hata ya ishirini ya ujazo wake, nayo kwa kubanwa huko hupata moto wa zaidi ya nyuzi 500, dizeli ikinyunyizwa humo hushika yenyewe. Kwa hiyo injini ya dizeli huwashwa kwa kasi ya kubana. Chuma kikiwa baridi hunyang'anya joto hilo. Oili ikiwa nzito na betri ikiwa dhaifu, injini huzunguka polepole, hewa huvuja kabla haijapata moto. Tena kwenye mwinuko wa mita 2,000 kanieneo ya hewa ni kama asilimia 80 tu ya ile ya pwani, basi hata hewa ya kubanwa ni pungufu. Ndiyo maana zimewekwa plagi ndogo za kupasha joto chumba cha mwako kabla ya kuzungusha ufunguo.

Katika plagi nne za kenta, mbili zilikuwa zimekufa. Betri ilikuwa mzee. Oili ilikuwa ya namba 40, nzuri kwa joto la Tanga. Fundi aliweka ya 15W-40, ambayo herufi yake ya W ni ya neno la Kiingereza la majira ya baridi, maana yake kwamba asubuhi hutembea kama nyepesi na mchana hukaza kama nzito. Plagi mbili, betri na oili havikufika hata nusu ya bei ya hita. Karai la makaa likarudi jikoni. Binti alikwenda shule na godoro lake.

Sisemi kwamba hita ya mafuta ni upuuzi. Hapa Hanang ipo kumbukumbu ya watu walioijua baridi ambayo inaihitaji. Mashamba makubwa ya ngano ya Basotu yaliendeshwa na shirika la umma la NAFCO kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970, juu ya ardhi ambayo Wabarabaig walikuwa wakichungia ng'ombe. Kwao Kanada, katika majimbo ya ngano kama Saskatchewan, joto hushuka nyuzi 30 chini ya sifuri na zaidi, na wenye magari huziunganisha injini na umeme wa nyumba usiku ili zisife baridi. Kule dizeli huganda kweli, na hita ni sehemu ya gari kama usukani. Na hata huku, siku chupa ya shemeji itakapoamka na ukungu, nitamwambia aanze kuweka akiba ya hita. Chupa ndiyo itakayosema.

Limebaki suala la jina, ambalo najua wasomaji wa hapa hawatanisamehe nikiliacha. *Hita ya mafuta* limeshaenea madukani, lakini linarudisha swali la mafuta gani. *Kikanza* lingefaa, kutokana na kitenzi chetu kizuri *kukanza*, yaani kupasha joto, ambacho vijana wanakiacha kife. Mimi ningependekeza *kikanza-dizeli*. Shemeji amelisikia, akacheka, akasema yeye atakwenda dukani kuomba *hita ya dizeli*, maana muuzaji hasomi diwani. Nadhani amenishinda nusu: neno *dizeli* amelikubali, na hilo ndilo lililookoa fedha. Nusu nyingine naileta kwenu, malenga.

Jioni alipoondoka na mzigo wake wa kwanza tangu matengenezo, nilitunga ubeti kwa niaba ya kila dereva anayeamka kabla ya jua katika nyanda hizi. Nauweka hapa, anayeweza anijibu kwa vina hivihivi:

*Oili haijaganda, ila imekuwa nzito,*
*Kilima nimekipanda, nimeivuka na mito,*
*Injini inajipinda, yalia kama mtoto,*
*Baridi imenishinda, jua, nipe lako joto.*