Damu haidanganyi

Darasani tunawakataza watoto kudanganya kwenye mtihani. Kumbe mama yetu alidanganya mtihani wa sukari: siku mbili kabla ya kutobolewa kidole anajinyima, kipimo kinatoka kizuri, tunafurahi. Usiku nyayo zinamuwaka moto, anatuficha. Muuguzi akatueleza kipimo cha HbA1c: chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120, sukari inazishika, basi kinaonyesha miezi mitatu. Kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo zinaonyesha figo. Macho na miguu vilevile vikaguliwe, mishipa midogo huharibika kimyakimya. Mama akainama: "Kumbe damu haidanganyi." Wenye sukari, jamani, ulizeni vipimo hivyo mapema.