Juu ya Nyumba Yetu

Paa letu la zege hapa Ntinda lilikuwa la kuanikia nguo tu. Tulipotaka watoto wasomee Qur'ani huko juu, fundi alisema vigae vyatosha. Tukasita: tangi la lita 1,000 likijaa, maji peke yake ni tani moja. Mhandisi akakagua kwanza, nyufa zikazibwa kabla ya mvua za Machi.

Kisha tukamkuta mdogo wetu ukingoni, akimwita rafiki yake chini. Mtume (s.a.w.) alituonya tusilale juu ya nyumba isiyo na kizuizi. Pesa za vigae zikajenga ukuta, mrefu, tusichungulie uani kwa jirani. Watoto wanasomea mikekani, alhamdulillah.