Gari Lisilobisha Hodi

Kwa miaka 12 sasa, mama yangu amekuwa akijua kwamba nimefika Bagamoyo kabla sijashuka garini. Gari letu la petroli ni la zamani. Bomba lake la moshi limeungwa mara mbili, na linapopunguza mwendo penye kona ya mwembe hutoa mkoromo ambao watoto wa mtaa huuigiza na kucheka. Macho ya mama yamefifia kwa mtoto wa jicho, lakini masikio yake ni mazima. Akiusikia mkoromo ule huweka kando ukili anaousuka, hujitanda khanga na kutoka. Tunaposimama tu, yeye yupo kizingitini, mkono mmoja umeshika mwimo wa mlango na mwingine ameunyoosha kupokea salamu.

Nalitanguliza jambo hili kwa sababu bila ya kulijua, msomaji hatafahamu kwa nini safari ya siku moja katika gari jipya imenikaa moyoni kiasi hiki.

Shemeji yangu hufanya biashara ya kuagiza magari. Miezi michache iliyopita alileta gari la umeme lililotengenezwa China, akaniambia: "Shemeji, lichukue Jumamosi nzima. Nenda nalo kwa mama, kisha uniambie." Alijua pa kunishika. Sisi tunaishi Magomeni, na kutoka kwetu hadi Bagamoyo ni kiasi cha kilomita 65. Kwa bei ya petroli ilivyo, tumekuwa tukienda mara moja kwa mwezi, na mwezi ukibana huahirishwa. Daktari wa macho amekwisha kusema kwamba mama afanyiwe upasuaji, na kwamba kabla na baada yake atalazimika kuletwa Dar es Salaam mara kadhaa. Gari linalokwenda kwa gharama ndogo lingeniondolea udhuru niliokuwa nikijipa.

Tuliondoka baada ya chai ya asubuhi, mimi, mke wangu na binti yetu mwenye umri wa miaka kumi na mmoja. Nikasema Bismillah, nikabonyeza kitufe. Skrini ikawaka na kuonyesha asilimia 92 za chaji. Zaidi ya hapo hapakutokea kitu. Mke wangu akangoja kidogo, kisha akauliza: "Mbona huwashi?" Nikamjibu kwamba limekwisha kuwaka. Nikaachia breki, na gari likaanza kwenda kama mashua iliyosukumwa kutoka ufukweni.

Mambo mawili humshtua mtu aliyezoea petroli. La kwanza ni nguvu ya kuondoka. Injini ya petroli huhitaji kuzungushwa kwanza ndipo ipate nguvu, na gia zipo kwa kazi hiyo. Mota ya umeme hutoa nguvu yake tangu mzunguko wa kwanza, hivyo haihitaji kubadilisha gia. Nilipokanyaga kidogo tu tulipotoka kwenye taa za Morocco, migongo yetu ilibanwa kwenye viti na binti akapiga kelele za furaha. Mke wangu hakufurahi, nami nikajifunza kukanyaga kwa adabu.

La pili ni breki. Ukiinua mguu kwenye kanyagio la mwendo, gari hupungua lenyewe, kwa sababu mota hugeuka kuwa jenereta. Magurudumu ndiyo yanayoizungusha, nayo hurudisha sehemu ya umeme betrini. Katika foleni ya Mwenge niligusa kanyagio la breki mara chache mno. Na tuliposimama pale, jua likichoma na magari ya jirani yakitoa moshi, letu lilikuwa halitumii karibu chochote isipokuwa kiyoyozi.

Watu hudhani gari la umeme ni uzushi wa juzi. Ukweli ni kwamba lilikuwapo tangu karne ya kumi na tisa. Mwaka 1899, huko Ufaransa, Mbelgiji aliyeitwa Camille Jenatzy alipita mwendo wa kilomita 100 kwa saa katika gari la umeme, na gari hilo ndilo la kwanza la barabarani kufika mwendo huo. Baadaye petroli ikashinda, kwa kuwa betri za zama zile zilikuwa nzito na hazikufika mbali. Leo betri zimebadilika. Hii ya shemeji ina uwezo wa uniti 45, uniti zilezile tunazonunua kwa LUKU, nayo imelazwa chini ya sakafu. Uzito wake wote upo chini, ndiyo maana gari halikuyumba hata tulipopishana na malori baada ya Tegeta.

Tulipovuka mto Mpiji na kuingia mkoa wa Pwani, msongamano ukapungua. Tukapita Mapinga, tukapita Kerege, minazi na miembe ikisogea madirishani. Hapo ndipo nilipogundua kwamba tulikuwa tukizungumza. Katika gari letu la zamani husema kwa kupaza sauti, na kwa sababu hiyo husema machache: funga dirisha, nipe maji, tumefika wapi. Sasa binti, akiwa kiti cha nyuma, alianza kusimulia kwa sauti ya chini habari ya rafiki yake wa madrasa aliyehamishwa, na jinsi alivyokuwa akikaa peke yake wakati wa mapumziko. Hatukuijua habari hiyo. Mke wangu aligeuka akamsikiliza hadi Zinga. Nililishukuru gari kwa hilo kuliko nilivyolishukuru kwa kasi yake.

Tuliingia Bagamoyo tukiwa na asilimia 68. Mji huu hauhitaji kutambulishwa kwa wasomaji wengi: bandari ya kale, mwisho wa njia za misafara iliyotoka bara, makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891 yalipohamishiwa Dar es Salaam. Wapagazi walitua mizigo yao hapa, na wako wanaosema jina lenyewe lilitokana na huko kubwaga moyo. Milango ya nakshi ingalipo kwenye nyumba za mawe, mingine imetunzwa, mingine inaliwa na chumvi ya bahari. Vichochoro vyake vilijengwa kwa ajili ya watu, punda na mikokoteni. Gari huingia humo kama mgeni.

Kichochoro cha mama ni chembamba. Kwa kawaida huingia kwa kurudi nyuma ili wakati wa kuondoka nitoke kwa urahisi. Nikafanya vilevile. Skrini ilinionyesha picha ya nyuma: ukuta, mti, mchanga mweupe. Nilikuwa nimeukaribia mlango nilipomsikia binti akipiga ukelele: "Baba, bibi!"

Nikakanyaga breki kwa nguvu zote.

Mama alikuwa ametoka ubavuni mwa nyumba, ameshika birika la maji ya kutilia udhu, akivuka kichochoro kuelekea kibarazani, ambako hata picha ya skrini ilikuwa bado haijafika. Kati yake na gari zilibaki hatua mbili. Hakujua kitu. Aliendelea kutembea, akatua birika, akakaa.

Mikono yangu ilitetemeka juu ya usukani. Mke wangu alishuka kwanza, akamwamkia na kumkumbatia. Mama akasema kwa mshangao: "Nyinyi! Mmefika saa ngapi? Mmekuja na basi?" Nikaenda kumbusu mkono, nikamweleza kwamba tumekuja na gari, na kwamba nusura nimgonge. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilisikia mvumo. Nikadhani upepo wa bahari." Akapapasa ubavu wa gari kwa kiganja, taratibu, kama anayepapasa mnyama asiyemjua, akaongeza: "Zuri. Lakini gari hili halibishi hodi."

Alisema kweli, na kwa lugha ambayo sisi tuliolelewa naye tunaielewa. Tumefundishwa tangu utotoni kwamba nyumba ya mtu haiingiwi ila kwa hodi na salamu, na kwamba njia nayo ina haki zake, mojawapo ikiwa ni kutomdhuru mpitaji. Ngurumo ya injini, pamoja na kero zake, imekuwa hodi ya magari kwa zaidi ya miaka mia. Mtoto anayecheza, mzee asiyeona, mwanamke aliyejitwika ndoo na asiyeweza kugeuza shingo, wote wamekuwa wakilitambua gari kwa masikio. Wenzetu wa Ulaya wameliona tatizo hili: katika Umoja wa Ulaya, tangu Julai 2021, kila gari jipya la umeme lazima litoe sauti ya kutahadharisha liendapo kwa mwendo usiozidi kilomita 20 kwa saa, na pia linaporudi nyuma. Hata la shemeji lina sauti hiyo. Ndio ule mvumo. Ila mama hakuwahi kufundishwa kwamba upepo unaweza kuwa na magurudumu.

Baada ya sala ya adhuhuri, mama mwenyewe ndiye aliyeomba tumzungushe. Tukampeleka Kaole, mwendo mfupi kusini mwa mji, ambako mabaki ya misikiti ya kale yamesimama karibu na mikoko, wa zamani zaidi ukihesabiwa kuwa wa karne ya kumi na tatu. Tulikwenda polepole, madirisha yakiwa wazi. Hakuziona kuta zile ila kama vivuli. Akawa anatutajia anachosikia: kunguru, mtu anayekata kuni, bahari inayokupwa.

Kisha akatusimulia jambo ambalo sikuwahi kulisikia. Marehemu baba alikuwa dereva wa lori kabla sijazaliwa. Mama alikuwa akiisikia sauti ya lori lake lingali mbali, usiku, akaamka kupasha chakula. "Usiku ambao sauti haikuja," alisema, "sikulala. Tangu wakati huo nimezoea kungoja kwa masikio." Hakuna aliyejibu. Ukimya wa gari lile, ulionitia hofu saa chache kabla, ndio uliomwezesha mwanamke wa umri wake kusema jambo hilo bila ya kupaza sauti.

Tulirudi Magomeni magharibi ikikaribia, asilimia zikiwa 42. Usiku ule nikachomeka chaja kwenye soketi ya kawaida, nikapiga hesabu. Kurudisha chaji ya safari nzima kulihitaji uniti 25 hivi. Kwa bei ya nyumbani kwangu ni kama shilingi 9,000. Gari letu la zamani lingetumia lita 13 za petroli, takriban shilingi 38,000. Kwa hesabu hiyo, ningeweza kumwona mama kila wiki kwa gharama ya safari moja ya sasa. Lakini soketi ya kawaida ni ya mtu mwenye subira: uniti hizo zilichukua usiku kucha na asubuhi yote, na umeme ukikatika, hesabu huanza upya. Moshi nao haujatoweka kabisa, kwani umeme wetu hutokana na maji, kama ya bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, na pia na gesi asilia inayochomwa.

Shemeji alipokuja kulichukua, alitaka jibu. Nilimwambia kwamba nimelipenda, na kwamba nina maswali matatu, ambayo nayaweka hapa kwa faida ya familia zinazofikiria jambo hili.

Swali la kwanza ni la betri. Watengenezaji wengi huidhamini kwa miaka 8 au kilomita 160,000. Je, dhamana hiyo inamfuata mnunuzi wa hapa, na ni nani atakayeiheshimu? Betri ndiyo sehemu kubwa ya thamani ya gari. Usiridhike na ahadi ya mdomo. La pili ni la malipo. Fedha kamili sina, na mkopo wenye riba sitauingia kwa ajili ya gari, hata kama sababu yake ni kumwona mama. Iko njia ya murabaha, ambapo taasisi hulinunua gari kwanza kisha humuuzia mteja kwa faida iliyotajwa wazi. Nitaiulizia, nami nitasoma kila mstari kabla ya kutia saini.

La tatu halimhusu muuzaji, linanihusu mimi. Je, nimejifunza kuendesha gari lisilosikika? Atakayelinunua ashushe kioo anapoingia mtaani, awe na mtu wa kumwongoza anaporudi nyuma, aguse honi kwa upole penye kona, na awafundishe watoto wake kutazama kabla ya kuvuka. Hodi ambayo gari halibishi, ni wajibu wa dereva kuibisha.

Juu ya hayo, mke wangu aliniuliza swali la nne usiku ule, nami sikuwa na jibu. "Hadi upate gari," alisema, "mama anangoja nini?"

Jumamosi iliyofuata, ingawa mwezi ulikuwa haujaisha, tulijaza petroli na kwenda. Tulipofika penye kona ya mwembe, gari likakoroma kama kawaida yake. Mama alikuwa mlangoni kabla sijazima injini.