KUTA ZA ROTHENBURG

Wapo watu wanaodhani kwamba kitu cha kale hudumu kwa sababu ya ukale wake. Huliona jengo lililosimama kwa miaka 600, wakasema mawe yake yalikuwa magumu, au waashi wake walikuwa stadi. Ni kweli kwamba mawe magumu na waashi stadi husaidia. Lakini duniani kote mawe magumu yamebomolewa, na kazi za waashi stadi zimegeuzwa kifusi. Kinachodumisha jengo ni uamuzi wa watu, unaofanywa na kizazi kimoja na kurudiwa na kizazi kinachofuata. Jambo hili tulilitafakari sana tulipouzuru mji wa Rothenburg, kusini mwa Ujerumani.

Jina kamili la mji huo ni Rothenburg ob der Tauber, yaani Rothenburg ulio juu ya mto Tauber. Upo katika jimbo la Bavaria, juu ya mwinuko unaolitazama bonde la mto huo. Ukuta wa mawe unauzunguka mji wa kale, na sehemu kubwa ya ukuta huo ina ujia ulioezekwa kwa vigae, ambamo walinzi wa zamu walikuwa wakipita. Tuliupanda kwa ngazi za mawe karibu na lango la mashariki, tukatembea kiasi cha kilomita 2 na nusu. Upande mmoja yako matundu membamba ya kumlengea adui. Upande wa pili ni mapaa mekundu, bustani ndogo za mboga, na nguo zilizoanikwa. Humo ndani watu wanaishi, watoto wanakwenda shule, na mikate inaokwa kila alfajiri.

Katika lango la magharibi tulionyeshwa mlango mdogo uliotobolewa ndani ya mlango mkubwa. Lango lilipokwisha kufungwa jioni, aliyechelewa aliinama na kupita hapo peke yake, ili adui asipate nafasi ya kuingia kwa kundi. Juu yake kuna sura ya jiwe iliyoachama kinywa, ambamo, kama isemwavyo, walinzi walimmwagia adui lami ya moto.

Mwaka 1274 Mfalme Rudolf wa Habsburg aliupa mji huu hadhi ya mji huru wa dola. Maana yake ni kwamba haukuwa chini ya kabaila yeyote wa jirani, bali chini ya mfalme peke yake. Ukuta ulikuwa alama ya uhuru huo. Mji ulipopanuka, ukuta mpya ulijengwa nje ya ule wa zamani, na hata leo Mnara Mweupe na Mnara wa Marko, iliyokuwa minara ya ukuta wa kwanza, imesimama katikati ya mitaa.

Lakini uhuru wa mji haukuwa uhuru wa kila mtu. Mwaka 1525 wakulima wa kusini mwa Ujerumani waliinuka dhidi ya mabwana waliowakamua kwa kodi na kazi za shokoa, na mji huu ukawaunga mkono. Uasi uliposhindwa, watu walikatwa vichwa katika uwanja wa soko. Katika Kanisa la Mtakatifu Yakobo imo madhabahu mashuhuri ya mbao, iliyokamilika yapata mwaka 1505, ambayo watu husafiri kutoka mbali kuja kuitazama. Fundi aliyeichonga, Tilman Riemenschneider, alitiwa gerezani na kuteswa huko Würzburg, kwa sababu baraza la mji alimokuwa mjumbe lilikuwa limeungana na wakulima. Yafaa anayeisifu madhabahu aikumbuke na mikono ya aliyeichonga.

Mwaka 1631, wakati wa Vita vya Miaka Thelathini, jeshi la Jemadari Tilly liliuteka mji. Iko hekaya kwamba mji uliokolewa na mzee mmoja wa baraza aliyekunywa kwa mfululizo kikombe chenye zaidi ya lita 3 za mvinyo, na tangu mwaka 1881 hekaya hiyo imekuwa ikiigizwa jukwaani. Ni hekaya tamu, lakini kilichozihifadhi kuta si mvinyo. Baada ya vita mji ulifukarika. Biashara ilihama, viwanda vya karne ya 19 vikajengwa kwingine, na wenyeji hawakuwa na fedha za kubomoa nyumba za kale na kujenga mpya. Miji mingi iliyotajirika ilibomoa kuta zake ili ijitanue. Rothenburg ulibaki na zake kwa umaskini.

Basi, hifadhi ya mwanzo ilikuwa ya bahati, na bahati haidumu. Wachoraji na wasafiri walipoanza kuusifu mji huo, wenyeji walitambua kwamba walikuwa wameikalia hazina. Mwaka 1898 waliunda chama cha kulinda majengo ya kale, Verein Alt-Rothenburg, ambacho kingali hai. Tangu hapo ukuta uliacha kuwa mabaki, ukawa amana.

Amana hiyo ilijaribiwa tarehe 31 Machi 1945, ndege za Marekani zilipoudondoshea mji mabomu. Karibu asilimia 40 ya mji wa kale iliteketea, pamoja na mamia ya mita za ukuta. Yaliyobaki yalinusurika kwa sababu John McCloy, kiongozi katika Wizara ya Vita ya Marekani aliyezijua sifa za mji huo, alishauri usipigwe kwa mizinga, na kwa sababu waliokuwa wakiulinda walikubali kuuacha bila mapigano, kinyume cha amri ya Hitler. Baada ya vita ukuta ulijengwa upya kwa michango. Tulipokuwa tukipita katika ujia tulisoma majina ya wachangiaji yaliyochongwa katika mawe, mengine ya watu wa mbali kama Japani. Mahali pamoja tulimkuta mwashi akijaza chokaa katika nyufa ambazo sisi hatukuwa tumeziona. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwashi yule hakuwa ameisikia methali hiyo, lakini aliitenda.

Mwenyeji wetu, mwalimu mstaafu wa historia, hakutuonyesha mazuri pekee. Alitupeleka katika Mtaa wa Wayahudi, akatusimulia juu ya Rabi Meir, mwanachuoni mkubwa wa karne ya 13 aliyefundisha mjini humo. Mwaka 1298 Wayahudi wa mji waliuawa kwa halaiki. Mwaka 1520 wakafukuzwa. Na mwezi Oktoba 1938, chini ya utawala wa Hitler, familia zilizokuwa zimerejea katika nyakati za baadaye zikafukuzwa tena. Ukuta uliowalinda baadhi ya watu uliwafungia wengine nje. Mwalimu yule alisema kwamba mji unaohifadhi mawe na kuyasahau haya umehifadhi nusu tu.

Kisha akatuuliza kama nasi nyumbani tunazo kuta za kale. Tukamweleza habari za Kalenga, karibu na Iringa: jinsi Mtwa Mkwawa wa Wahehe alivyoyazungushia makao yake makuu ngome, jinsi jeshi lake lilivyokishinda kikosi cha Emil von Zelewski huko Lugalo mwezi Agosti 1891, na jinsi majeshi ya Wajerumani chini ya Gavana Friedrich von Schele yalivyokuja na mizinga, yakaiteka na kuibomoa ngome hiyo tarehe 30 Oktoba 1894. Tukamweleza kwamba Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi Julai 1898, alipojiua ili asiangukie mikononi mwa adui, na kwamba fuvu lililokuwa limechukuliwa hadi Ujerumani lilirudishwa mwaka 1954. Mzee yule alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Mwaka 1898 ndio mwaka wa chama chetu."

Alisema kweli. Mwaka ule ule ambao wananchi wa Rothenburg walijiunga kuulinda ukuta wao, dola yao ilikuwa imekwisha kuubomoa ukuta wa watu wengine, na ilikuwa ikimwinda kiongozi wao porini. Hatusemi haya ili kuwashutumu waashi na waoka mikate wa mji ule. Twasema ili ionekane wazi kwamba mkoloni alipotuambia kuwa hatukuwa na historia, alijua vema thamani ya historia. Kwake aliilinda, kwetu aliivunja.

Huko Kalenga leo kuna jumba la makumbusho na mabaki ya ngome. Hatuna haja ya kuijenga upya ili ifanane na miji ya Ulaya. Tunachoweza kujifunza Rothenburg ni ile kazi ya kila siku: mwashi anayetafuta ufa kabla haujaonekana, na mwalimu anayesimulia ushindi pamoja na aibu. Mwalimu awapeleke wanafunzi wake mahali pa kale palipo karibu nao, wapapime, wapachore, wawaulize wazee, waandike. Ngome ya Kalenga ilibomolewa na wageni. Kumbukumbu yake ikipotea, tutakuwa tumeibomoa wenyewe.