Viti Kumi vya Goma

Katibu hakuwahi kugombea chochote. Alikuwa mwalimu wa Kifaransa katika shule ya sekondari mjini Butembo, akaacha chaki na kushika mkoba wa mbunge wa jimbo. Kumbukumbu hizi, anazoziandika kwa kujiita "yeye", ni za mtu aliyezunguka kuomba kiti cha mwenzake. Mheshimiwa aliyemtumikia atabaki bila jina. Bado anasalimiana na wale aliowaomba, na baadhi yao hawajui kwamba ahadi waliyopewa walipewa wengine pia, neno kwa neno.

Kiti chenyewe kilikuwa cha uwaziri katika serikali ya jimbo la Kivu Kaskazini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Ibara ya 198 ya Katiba ya mwaka 2006 haina maneno mengi. Gavana na naibu wake huchaguliwa na wabunge wa jimbo. Gavana huteua mawaziri, wawe wabunge au la, nao hawazidi kumi. Kabla serikali haijaanza kazi, hupeleka mpango wake bungeni, na wabunge wakiupitisha kwa wingi wa wajumbe wote, mawaziri wameidhinishwa. Bunge hilo lilikuwa na wajumbe 48, kwa hiyo kura 25 zilitosha.

Ukisoma hivyo utadhani anayetaka uwaziri ana mtu mmoja tu wa kumwendea. Lakini gavana naye amewekwa na wabunge, na wabunge hao hao wanaweza kumwondoa. Jina lisilotakiwa na kundi kubwa bungeni halipeleki. Nchini Kenya, ambako serikali za kaunti nazo zina mawaziri wasiozidi kumi, Katiba ya 2010 inakataza diwani wa bunge la kaunti kuwa waziri akiwa bado ameshika kiti chake. Kongo mlango uko wazi, na ndiyo maana kila mbunge huko Goma, lilikokaa bunge la jimbo, aliweza kumtazama aliyekaa pembeni yake kama mshindani.

Ibara hiyo hiyo inataka serikali ya jimbo izingatie uwakilishi wa jimbo zima. Watu wa Kivu Kaskazini wana neno lao: jeopolitiki. Kuna Grand Nord, yaani Beni, Butembo na Lubero, na kuna Petit Nord, yaani Goma, Nyiragongo, Masisi, Rutshuru na Walikale. Tarehe 27 Januari 2007 Katibu, wakati huo bado mwalimu, alisikiliza Radio Okapi wabunge walipomchagua Julien Paluku Kahongya, aliyewahi kuwa meya wa Beni, kuwa gavana na kushika nafasi ya Eugène Serufuli. Butembo ilishangilia. Naibu wake, Feller Lutaichirwa, alitoka Petit Nord, na uwiano huo ulidumu hadi Paluku alipoondoka mwaka 2019. Kwa mtu wa Butembo anayetaka uwaziri, furaha ya namna hiyo ina gharama yake. Gavana akiwa wa kwenu, wengine watasema mmeshapata.

Mwaka 2019 ndio uliomfunza Katibu kazi. Mwezi Desemba 2018, siku chache kabla ya uchaguzi mkuu, Tume ya Uchaguzi iliahirisha kura za Beni, Butembo na Yumbi. Kwa Beni na Butembo sababu zilizotajwa ni Ebola na ukosefu wa usalama. Vijana wa Beni hawakukubali. Tarehe 30 Desemba walipanga foleni na kupiga kura zao za mfano, wakinawa mikono kwanza. Kura halisi za wabunge zilikuja tarehe 31 Machi 2019, na baadaye mwaka huo bunge la jimbo likamchagua gavana, Carly Nzanzu Kasivita, akiwa na Marie Lumoo Kahombo kama naibu wake. Wabunge wa Petit Nord walikuwa wamepata miezi ya kukaa pamoja na kupanga makundi. Wale wa Butembo na Beni walifika mazungumzo yakiwa yameshafika mbali.

Kisha kulikuwa na suala la mkono. Kuomba kuungwa mkono bila kushikana mikono ni kazi ya ajabu. Tangu Agosti 2018, ugonjwa ulipotangazwa kule Mangina, watu wa Beni na Butembo walisalimiana kwa viwiko, na katika barabara ya kati ya miji hiyo miwili ilibidi kushuka, kunawa na kupimwa joto kwenye vizuizi. Huko Goma Mheshimiwa alinyoosha kiwiko, na wenzake wakacheka, ingawa hakuna aliyemlazimisha kunyoosha mkono. Tarehe 19 Aprili daktari wa Shirika la Afya Duniani, Richard Mouzoko kutoka Kamerun, aliuawa katika kliniki ya Chuo Kikuu cha Graben mjini Butembo. Siku zilizofuata kila mazungumzo yalianza na swali moja: watu wenu wana nini? Mheshimiwa alijibu kwa upole kwamba waliouawa Beni tangu 2014 ni wengi, na kwamba watu waliozoea kuzika bila serikali kufika hawaiamini kwa haraka inapofika na magari meupe. Kwa maoni ya Katibu, jibu hilo lilimsaidia kuliko wasifu wake wote.

Mkakati ulianza na wizara ya kuomba. Afya ilikuwa inatazamwa na wengi, kwani fedha za mapambano dhidi ya Ebola zilisemwa kila kona. Katibu alishauri Kilimo. Hoja yake ilikuwa kwamba Kilimo kinakupa la kuzungumza na kila mtu: kakao ya Beni na kahawa, viazi vya Lubero, jibini la Masisi, maharage ya Rutshuru, mboga za Kibumba huko Nyiragongo. Kwa mbunge wa Walikale alibadilisha wimbo, akaongelea barabara, maana mazao yasiyofika sokoni hayana waziri.

Mikutano haikufanyika bungeni. Ilifanyika kwenye migahawa karibu na ziwa, juu ya sahani za sambaza na ugali, au sebuleni kwa mtu usiku, watoto wakiwa wameshalala. Katibu alikaa upande wa mlango na daftari. Wakubwa huomba kwa kuzunguka: kwanza habari za nyumbani, halafu mvua, halafu marehemu fulani mliyemfahamu wote, na chai ikifika kikombe cha pili ndipo anasema, "Mzee wangu, mimi nimekuja kwako kama mtoto." Mbunge mmoja wa Masisi, mtu mzima mwenye ucheshi, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Ndugu yangu, mimi nitakusaidia. Lakini ongea kwanza na watu wa kwenu."

Hapo ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Masisi hawakuwa wakigombania nafasi ya Butembo, kwa sababu hawangeipata hata kidogo. Walioigombania walikuwa wa Butembo wenyewe, pamoja na Beni, iliyo umbali wa takriban kilomita 54, na Lubero inayodai kwamba imesahaulika. Mheshimiwa alipata ahadi za watu wa mbali kwa urahisi, na ugumu ukambaki kwa wale aliosali nao kanisa moja. Mmoja alimkumbatia mbele ya watu (kiwiko kilisahaulika), jioni hiyo hiyo akapeleka barua yake mwenyewe akiomba wizara ile ile.

Wa kushangaza zaidi walikuwa wabadala. Sheria ya uchaguzi humtaka kila mgombea awe na wabadala wawili, na mbunge akiwa waziri, wa kwanza wao huingia bungeni. Wengi huwa ni ndugu. Hadi marekebisho ya Katiba ya mwaka 2011, mbunge aliyeingia serikalini alipoteza kiti chake kabisa. Baada ya hapo mamlaka yake husimamishwa tu, naye hurudi akitoka serikalini. Mbadala wa Mheshimiwa aliyaelewa haya vizuri kuliko mwanasheria. Alipiga simu kila asubuhi kutoka Butembo kuuliza orodha imefika wapi, na bila kuombwa na mtu aliwaendea wazee, maparoko na wafanyabiashara kumsifia kaka yake kuwa waziri anayefaa. Kampeni haikuwa na askari mwaminifu kama huyo.

Na bahasha? Katibu anaulizwa kila mara. Mwezi Machi 2019, malalamiko ya rushwa katika uchaguzi wa maseneta yalikuwa makubwa hadi Rais Félix Tshisekedi na viongozi wenzake wakasimamisha kuanza kazi kwao na kuahirisha uchaguzi wa magavana kwa muda. Baada ya hapo, Goma nzima iliongea kwa sauti ya chini. Katibu hakubeba bahasha. Alibeba ahadi, nazo zina bei: ofisa fulani abaki kazini, mpwa fulani aingie katika ofisi ya waziri, mradi wa daraja utajwe katika mpango. Aliziandika zote. Alipozijumlisha aliona kwamba wizara moja ingehitaji wafanyakazi wa wizara tatu.

Orodha ilipotoka, jina halikuwemo. Kilimo kilikwenda kwa mwingine. Mheshimiwa alikaa kimya siku nzima, kisha akaomba daftari. Alianza na mbunge wa Masisi: kura uliyoniwekea, nipe kwenye tume ya bunge. Akafanya hivyo kwa mmoja mmoja, na waliomwahidi wakiwa na haya ya kutosha, akaupata uongozi wa tume. Mbadala hakumpigia simu kwa muda mrefu.

Tarehe 6 Mei 2021 hali ya kuzingirwa kijeshi ilianza Kivu Kaskazini na Ituri. Gavana Nzanzu akampisha Luteni Jenerali Constant Ndima, mawaziri wakaondoka, bunge la jimbo likasimama. Ilisemekana kuwa ni ya siku 30, kisha ikaongezwa kila baada ya siku 15. Waliopata viti na waliovikosa walikutana kwenye uwanja wa ndege wa Goma wakirudi kwao, mawaziri wa jana wakibeba mizigo yao wenyewe.

Katibu alirudi kufundisha Butembo. Mwisho wa Januari 2025 Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23, gavana wa kijeshi Peter Cirimwami aliuawa, na nafasi yake akapewa Jenerali Evariste Somo Kakule, ambaye makao yake yaliwekwa Beni. Kwa miaka mingi watu wa Grand Nord walikuwa wakipita mbugani au kupanda ndege Mavivi ili wamfikie gavana. Sasa yuko mwisho wa barabara ile ya kilomita 54, na hahitaji kura ya mbunge yeyote.