Chagua Pale Unapohitaji Mwalimu

Kila mwaka, kabla ya muhula wa tatu kuanza, wanafunzi wetu wa shahada ya muziki hujaza fomu ya mkondo. Mikondo ni minne: upigaji na uimbaji, utafiti wa muziki wa jamii zetu, ualimu wa muziki, na kazi za studio. Fomu ni karatasi moja tu, na wengi huijaza wakiwa wamesimama kwenye korido, huku wakiwauliza waliowatangulia ni wapi maksi zinapatikana bila jasho. Mimi ni mmoja wa walimu wanaotia saini fomu hizo. Nimefundisha muziki chuo kikuu hapa Dar es Salaam kwa miaka mingi, kwaya naongoza hadi leo, na sijaona saa moja niliyokaa na mwanafunzi kuzungumzia karatasi ile ikapotea bure.

Wanafunzi wetu hawajazoea kuchagua. Wengi wametoka kidato cha sita na tahasusi zao, HKL, HGL, na aliyewachagulia hasa ni matokeo ya kidato cha nne. Wakifika chuoni wanakutana na shahada inayowachanganya kwa makusudi: leo uko darasani na watu wa tamthiliya, kesho na watu wa isimu, keshokutwa unajifunza jinsi mawimbi ya sauti yanavyosafiri, na jioni uko kwenye ngoma. Mwaka wa kwanza wote ni hivyo. Halafu ghafla wanaambiwa: sasa sema wewe ni nani.

Hapo ndipo hofu inapoingia, kwa sababu wanadhani wanaulizwa utambulisho wao. Swali si hilo. Ninachowauliza ni hiki: ni kazi gani ya muziki ambayo usiposahihishwa ukiwa hapa, hakuna atakayekusahihisha maisha yako yote? Mtu anaweza kupenda kitu na akakisoma mwenyewe hadi uzeeni. Anaweza kufuata ajira na akakuta ajira imehama kabla hajavaa joho. Sikio la mwalimu aliyekaa pembeni yako kila wiki, akikusimamisha katikati ya kazi na kukurudisha mwanzo, hilo hutalipata kwingine kirahisi. Mkondo ni mahali pa kulitumia sikio hilo.

Alikuja binti mmoja kutoka Tanga, sauti ya pili, sauti nzito na safi ambayo tayari ilikuwa inalipwa kwenye harusi. Aliniamkia, akakaa, akasema: "Mwalimu, mimi ni mwimbaji. Nimeshaandika uimbaji, naomba saini tu."

Nikamuuliza ni nani aliyewahi kumwambia amekosea kuimba.

"Mwalimu wa kwaya, kila Jumamosi, tangu niko darasa la sita."

Na ni nani aliyewahi kumwambia amekosea kusikiliza? Akanyamaza. Nikampa kipande kifupi cha muziki wa Wagogo, cha sauti za wanaume na ilimba, ile ala ya vijiti vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, nikamwomba akiandike kwa nota kisha arudi.

Alirudi na karatasi iliyofutwafutwa. Amelelewa kwenye solfa, kwa hiyo kwanza aliandika kwa solfa, na kila ilipofika sauti moja fulani aliandika "ta", yaani "ti" iliyoshushwa nusu. Tukakaa kwenye kinanda. Akabonyeza hiyo "ta" huku kipande kikicheza, na sauti mbili zikagombana. Akajaribu ya chini yake, zikagombana zaidi. Akaniuliza kama kinanda kimepoteza tyuni. Kinanda kilikuwa sawa. Wagogo hupanga sauti zao kwa kufuata sauti zinazozaliwa ndani ya uzi mmoja unapotetema: uzi wote, nusu yake, theluthi yake, robo yake, na kuendelea. Sauti ya saba katika mfululizo huo iko chini ya ile ya kinanda kwa karibu theluthi ya nusu-toni. Sikio lake lilikuwa limeisikia tangu mwanzo. Mkono wake ndio uliokuwa umefundishwa kuipuuza, kwa kuwa kwenye solfa haina jina.

Tulifungua programu ya kupima mawimbi, akaiona sauti ile kwa macho. Kisha akaanza kuuliza maswali ambayo mkondo wa uimbaji usingempa nafasi ya kuyajibu: je, waimbaji wanaifuata ilimba au ilimba inawafuata waimbaji? Kidatu cha maneno ya Kigogo kinaamua wapi wimbo upande? Maswali hayo yanataka isimu kidogo, fizikia kidogo, na uvumilivu mwingi. Akaweka mshale mdogo unaoelekea chini juu ya kila nota ya namna ile, na karatasi yake ikawa ya kweli zaidi kuliko ilivyokuwa. Sikumwambia achague nini. Wiki iliyofuata fomu yake ilikuwa imebadilika.

Wapo waliosema nimemharibia. Walidhani mwimbaji akiingia kwenye utafiti anageuka kuwa mtu wa madaftari. Lakini tasnifu yake aliifanya kwa akina mama wa Dodoma wanaopiga muheme, ile ngoma inayobanwa katikati ya mapaja, na jambo la kwanza walilomwambia ni aweke daftari chini ashike ngoma. Walimkosoa mkono, walimkosoa mkao, walimkosoa pumzi anapoitikia. Alipanda jukwaani tena akiwa mwimbaji aliyejua pumzi inakatwa wapi na kwa nini.

Mambo haya nayasema kwa uchungu kidogo, kwa sababu muziki wetu mwenyewe haukuwahi kugawanywa vipande. Hukwe Zawose, Mgogo aliyefundisha Chuo cha Sanaa Bagamoyo na ambaye dunia ilimfahamu kupitia lebo ya Real World, alikuwa mwimbaji, mpigaji wa ilimba na zeze, mchezaji na mtengenezaji wa ala, yote kwa pamoja, hadi alipofariki mwaka 2003. Padri Stephen Mbunga alikuwa mtunzi wa nyimbo na pia msomi aliyechapisha mwaka 1963 kitabu juu ya sheria ya Kanisa na muziki wa Kibantu. Hakuna hata mmoja wao ambaye ungeweza kumweka kwenye kisanduku kimoja cha fomu yetu. Wanafunzi hunitajia watu kama hawa ili kunionyesha kwamba mikondo ni kitu cha kigeni, nami nakubaliana nao nusu. Zawose alikulia ndani ya muziki wa ukoo wake, na darasa lake halikuwa na muhula wala kengele. Sisi tuna miaka mitatu, na chumba kimoja chenye kinanda kinachogombewa. Mkondo unapanga kipi kitangulie. Unaweza kuyarudia mengine baadaye, na watu wazuri wote ninaowajua wameyarudia.

Sasa, nisieleweke kwamba nawasukuma wote kwenye utafiti. Kijana mmoja alitokea Kilimanjaro, amekulia kwenye bendi ya tarumbeta ya usharika wa Kilutheri. Bendi hizo ni hazina kubwa ya nchi hii na hazisemwi vya kutosha: wamisionari wa Kijerumani walikuja na ala, wenyeji wakazifanya zao, na mpaka leo vijana wanafundishana wao kwa wao Jumapili baada ya ibada. Huyu alitaka mkondo wa studio, kwa kuwa "kupiga najua tayari." Nikamwomba apige ngazi ya sauti, taratibu, kutoka chini kwenda juu. Alipofika juu alikuwa anaukandamiza mdomo wa tarumbeta kwenye midomo yake ili sauti itoke, mashavu yamejaa, na baada ya nusu saa ya mazoezi mdomo wa juu ulikuwa umevimba. Alikuwa amepiga hivyo tangu utotoni, na waliomfundisha walipiga hivyo pia. Angeendelea namna ile, midomo ingemwacha kabla ya umri wa kuwa mwalimu. Kwake yeye mkondo wa upigaji ndio uliokuwa na kitu ambacho nje hakipo: mtu wa kumfundisha upya kupumua kutoka tumboni, na kumrudisha kwenye sauti moja ndefu, ndefu tena, mpaka midomo ijifunze kutetema bila kukandamizwa. Ni kazi ya kuchosha sana, haina makofi. Aliifanya.

Kwa mkondo wa studio watu wanasikia neno wanalolijua, na hapo ndipo wanapotea. Wengi wana kompyuta mpakato na FL Studio, wanatengeneza midundo bwenini usiku, na wanafikiri tutawafundisha hayo hayo kwa cheti. Muziki wa kizazi kipya wa Dar es Salaam ulijengwa na maprodyuza ambao wengi wao walijifunzia kazini, na kwa kazi hiyo shahada si lazima. Ninachowapa kabla ya kutia saini ni maikrofoni mbili na kwaya. Mmoja alizisimika mbele kabisa ya sauti ya kwanza, karibu na midomo. Tuliposikiliza, sauti ya nne haikuwepo, feni ilikuwepo, na bati la ukumbi lilikuwa linaitikia kila herufi "s". Akazirudisha nyuma, akazipandisha juu, akazima feni, akawapanga waimbaji nusu duara, akarekodi tena, akasogeza tena. Nikamsikilizisha bendi za zamani, NUTA Jazz na Mlimani Park, zilivyorekodiwa Radio Tanzania, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Wale mafundi walipanga uzito wa kila ala kwa kusogeza watu na maikrofoni. Sauti iliyozaliwa ndani ya kompyuta haina chumba, na kijana huyu alikuwa hajawahi kukisikia chumba. Huyo nilimtia saini kwa furaha. Kuna mikanda mingi ya miaka ile inayosubiri watu wanaojua kusikiliza namna hiyo, na kila mwaka unaopita mikanda inachoka.

Ualimu huwa unachaguliwa na wachache hapa kwetu, kwa kuwa shule za sekondari zinazofundisha muziki si nyingi. Kenya hali ni tofauti kidogo: tamasha lao la muziki la shule limekuwepo tangu 1927, na shule inayotaka kufika mbali inamhitaji mwalimu wa muziki. Nawaambia wanafunzi wetu kwamba mtu anayeweza kusimama mbele ya watoto arobaini wasio na ala, akawatoa na wimbo wa sauti mbili kabla kipindi hakijaisha, ana ufundi ambao wapigaji wengi mahiri hawana, na ufundi huo hujifunzwa ukiwa unatazamwa na mwenzako aliyebobea nyuma ya darasa.

Wazazi wananiuliza ajira, na wana haki. Mzazi aliyekopa kwenye VICOBA ili mtoto asome hawezi kuridhishwa na maneno ya sanaa ni uhai. Namweleza yule mzee au yule mama kazi ninazozijua: kwaya zinazolipa walimu wao, studio, redio, makumbusho, mashirika yanayohitaji watafiti wa utamaduni, hoteli za Zanzibar zinazotaka wapigaji. Kisha namweleza kwamba katika wahitimu wetu ninaowafahamu, hakuna anayeishi kwa mkondo wake peke yake. Mpigaji anafundisha, mtafiti anaimba, wa studio anaongoza kwaya. Ndiyo maana siogopi mwanafunzi akichagua mkondo ambao haufanani na kazi anayoitaka.

Jambo moja ambalo halimo kwenye fomu nalisema kwa kila anayeingia ofisini: mkondo una thamani ya watu na vyumba vilivyopo mwaka huo. Ulizia ni nani atafundisha muhula ujao, si nani ameandikwa kwenye mwongozo wa masomo. Ulizia funguo za studio zinashikwa na nani na saa ngapi. Ulizia kinanda utakipata mara ngapi kwa wiki. Ukitaka utafiti, ulizia kama kuna mtu atakayekwenda nawe uwandani hata siku moja, na kama utapata kusikia rekodi za zamani, kwa mfano zile ambazo Hugh Tracey alizikusanya Tanganyika mwaka 1950 na ambazo maktaba yake inazihifadhi sasa Chuo Kikuu cha Rhodes, Afrika Kusini. Nimeona wanafunzi wakichagua jina zuri la mkondo, halafu wakakaa mwaka mzima bila mtu wa kuwasikiliza.

Kwa hiyo nimependekeza katika idara yetu kwamba fomu isitolewe kabla mwanafunzi hajafanya mambo manne, hata kwa kubabaisha: apige au aimbe mbele ya mtu atakayemsimamisha, aandike kwa nota dakika moja ya muziki asioujua, afundishe wimbo mmoja kwa watoto, na arekodi watu walio hai ndani ya chumba. Baadhi ya wenzangu wanasema hatuna muda wala vifaa, na kuhusu vifaa hawajakosea. Lakini kwaya ipo, watoto wa shule ya msingi wako ng'ambo ya barabara, na maikrofoni mbili tunazo. Tunaweza kuanza na hao wa mwaka wa kwanza waliopo sasa.